Faili la .so halijui chochote kuhusu data zako: kuita kodi ya C kutoka kwenye Python

Kuna mama mmoja anauza dagaa wa jumla pale Mwaloni Kirumba, Mwanza, siku moja kaniangalia usoni akaniuliza, "Mwanangu, mbona hapa inaonekana nadaiwa?" Nikageuza laptopu nione vizuri. Pale chini, kwenye jumla ya mauzo yote ya ghala tangu waanze kuweka rekodi, palikuwa pameandikwa -1,276,517,296. Hasi. Yani dagaa wote wale walioondoka na malori kwenda Kongo na Rwanda, wa ndoo na wa magunia, wameishia kuwa deni la bilioni moja na ushee. Mpwa wake ambaye ndo kaandika hiyo programu akanitazama mimi, mimi nikatazama skrini, sababu kile kipande cha kujumlisha kilikuwa changu, nilikiandika mwenyewe kwa C usiku huku najiona fundi.

Nitarudi kwenye hiyo hasi baadae, sababu ilinichukua raundi tatu kuiondoa na zote tatu zilikuwa na sababu tofauti. Kwanza nieleze hii kitu yenyewe ya kuita C kutoka kwenye Python, maana watu wengi wanaiona kama uchawi, na wakishaikosea mara mbili wanaiacha.

Kwanini C iingie kwenye biashara ya dagaa? Dogo alikuwa ameandika kila kitu kwa Python na ilikuwa inafanya kazi. Wana mizani ya kielektroniki, kila mzani unatuma uzito mara 10 kwa sekunde kwenda kwenye kompyuta, na kazi ya programu ni kutambua lini ndoo imetua na namba imetulia, kwasababu mtu akibwaga ndoo juu ya mzani ile namba inaruka, inashuka, inayumba kama mtumbwi wenye watu wabishi, ndo inakaa. Mzani mmoja kwa saa 12 unakupa namba 432,000. Mizani mitano kwa siku 30 hapo unaongelea namba milioni 64.8. Sasa zipitishe zote kwenye lupu ya kawaida ya Python, kila moja uilinganishe na 20 zilizoitangulia, unaweza ukaenda kula ugali na sato taratibu, ukarudi, ukakuta bado inahema tu.

Python haiko slo kwa uvivu. Kwenye Python kila namba ni kitu kamili chenye mwili wake kwenye memori. Namba ya desimali moja, kwenye Python hii ya kawaida na mashine ya biti 64, inakula baiti 24, wakati double ya C ni baiti 8 basi. Na kila ukijumlisha mbili, Python inauliza kwanza: we ni nani, ni namba au maneno, mwenzio je, mnajumlishwaje nyie? Inauliza hivyo hivyo mara milioni 64. C haiulizi. Ulishaiambia siku ya kukompaili kwamba hizi ni double, ikaamini, ikaandika maelekezo ya prosesa moja kwa moja. Dennis Ritchie aliitengeneza pale Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, mashine zikiwa ndogo na hamna nafasi ya kuuliza uliza. Python ya Guido van Rossum ilitoka 1991 na nia tofauti kabisa, binadamu aandike haraka na asome bila kuumwa kichwa. Kwahiyo watu wanachofanya ni kuacha Python iendeshe shughuli, alafu kile kipande kimoja kinachochemsha mashine wanakitupia C.

Njia fupi ya kufanya hivyo ni ctypes. Huinstoli kitu, imo ndani ya Python tangu toleo la 2.5 la mwaka 2006. Tuanze na kitu kidogo, faili linaitwa dagaa.c:

double bei(double kilo, double kwa_kilo) {
    return kilo * kwa_kilo;
}

Hiyo haina main. Sio programu ya kujiendesha, ni fanksheni tu inayosubiri kuitwa. Unaikompaili hivi kwenye Linux:

gcc -O2 -shared -fPIC -o libdagaa.so dagaa.c

-O2 inaiambia kompaila iboreshe kasi. -shared inasema usinitengenezee programu, nitengenezee laibrari ya kushea, ambayo programu nyingine itaibeba ikiwa tayari inatembea. -fPIC ndo watu wanaikopi bila kujua ni nini. Laibrari ya kushea haijui itapangiwa wapi kwenye memori, leo itakaa hapa kesho kule, kwahiyo kodi yake haitakiwi kusema "nenda plot namba 40," inatakiwa iseme "nenda nyumba ya tatu kutoka hapa uliposimama." Mtu yeyote aliyewahi kuelekezwa nyumba Mabatini kule juu kwenye mawe anaelewa, hamna mtaa hamna namba, ni "ukifika kwenye jiwe kubwa panda kushoto," na maelekezo hayo yanafanya kazi alimradi ujue umeanzia wapi.

Kwenye Windows faili linaishia na .dll, kwenye Mac .dylib. Wazo ni lile lile.

Alafu kwenye Python:

import ctypes
lib = ctypes.CDLL("./libdagaa.so")

Ile nukta na mkwaju pale mwanzo usiviache. Ukiandika "libdagaa.so" peke yake Linux haiangalii folda uliyopo, inaenda kutafuta kwenye folda za mfumo kama /usr/lib, hailioni, inakuambia faili halipo na we unaliona kwa macho yako. Hata hiyo "./" ina ugonjwa wake, inamaanisha folda ambayo programu imeanzishiwa, sio folda ambayo skripti imekaa. Dogo alikuja kuiweka iwe inajiwasha yenyewe kila asubuhi kwa cron, ikafa siku ya kwanza, sababu cron inaanzia folda nyingine kabisa. Mpe njia kamili, itengeneze kutokea kwenye __file__ ya skripti, yaishe.

Sawa, laibrari imebebwa. Unaita:

lib.bei(25.5, 6000.0)

Na hapo hapo unapigwa na ArgumentError, "Don't know how to convert parameter 1". Mtu anashangaa, si nimempa namba? Kiutani utani anaondoa desimali, anaandika lib.bei(25, 6000), na safari hii hamna malalamiko. Inarudi namba. Namba ya ajabu ajabu isiyohusiana na 150,000 hata kwa mbali, na ukiita tena inaweza kuja nyingine. Hapa ndo watu wengi wanafunga laptopu.

Sasa tulia hapa sababu hapa ndo penyewe. Fungua teminali uandike nm -D libdagaa.so, uone kilichomo ndani ya lile faili. Utakuta mstari wenye anwani, herufi T, na neno bei. Basi. Hamna palipoandikwa kwamba bei inapokea double mbili. Hamna palipoandikwa inarudisha nini. Kompaila ilikuwa inajua yote hayo wakati inasoma dagaa.c, ikayatumia, ikayatupa. Kwenye .so limebaki jina na maelekezo ya prosesa. Kwahiyo Python ikija kuuliza "nani hapa anaitwa bei?", inaoneshwa mlango, lakini haiambiwi ugonge vipi wala ubebe nini.

Na milango iko zaidi ya mmoja. Kwenye laptopu za kawaida za Intel na AMD zenye Linux, kuna utaratibu uliokubaliwa wa namna fanksheni zinavyopeana vitu. Namba nzima zinawekwa kwenye rejista (visehemu vidogo vya kushikia namba ndani ya prosesa) za upande mmoja, ya kwanza inaitwa rdi, ya pili rsi. Desimali zinawekwa upande mwingine kabisa, xmm0 na xmm1. Majibu pia hivyo hivyo, jibu la namba nzima linatokea kwenye eax, la desimali linatokea xmm0.

Fikiria ghala lenye madirisha mawili, dirisha la dagaa na dirisha la sangara. Umempeleka kijana na mzigo hujamwambia chochote, kaona ni samaki, kaushusha dirisha la sangara. Mpokeaji yuko dirisha la dagaa, kakuta sakafuni kuna mabaki ya jana, kayapima hayo hayo, kaandika risiti, kaiacha pale pale dirishani kwake. Kijana wako anasubiri risiti dirisha la sangara, anaokota karatasi yoyote aliyoikuta chini, anakuletea. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyegoma. Ndo kilichotokea kwa lib.bei(25, 6000). Python iliona namba nzima ikaziweka rdi na rsi, C ikasoma xmm0 na xmm1 ikakuta takataka zilizoachwa na shughuli nyingine, ikazidisha takataka, ikaacha jibu xmm0, na Python ikaenda kusoma eax.

Kwanini ilisoma eax? Kwasababu ctypes isipoambiwa kitu inachukulia kila fanksheni duniani inarudisha int, yani namba nzima. Ukiielewa hii sentensi nusu ya matatizo yako yameisha.

Dawa ni mistari miwili:

lib.bei.argtypes = [ctypes.c_double, ctypes.c_double]
lib.bei.restype = ctypes.c_double

Ukishaandika hivyo, lib.bei(25, 6000) inarudisha 150000.0, maana sasa Python inajua hata kama umeipa namba nzima iigeuze kwanza kuwa double na iipeleke dirisha lake. Mimi siku hizi sitaki kuona fanksheni yoyote inaitwa kupitia ctypes bila hiyo mistari miwili, hata kama inapokea int na kurudisha int. Mtu akiniletea kodi imegoma sisomi lojiki yake kwanza, naangalia kama hiyo mistari ipo, na mara nyingi haipo.

Sasa maneno, yani stringi. Dogo alitaka C iandike jina la mahali kwenye risiti, akapitisha "Mwanza", risiti ikatoka imeandikwa M. Herufi moja. Akabadilisha ikawa "Ukerewe", ikatoka U. Hii ina sababu nzuri tu ukiijua. Bila argtypes, stringi ya kawaida ya Python 3 inapelekwa kwa C ikiwa herufi pana, kila herufi kwenye Linux inachukua baiti 4, na herufi kama M inajaza baiti moja tu, tatu zinazofuata ni sifuri. C yenyewe inasoma baiti moja moja, na ikikuta sifuri inajua neno limeisha. Ikasoma M, ikakuta sifuri, ikafunga biashara. Unatakiwa upeleke baiti, b"Mwanza" au jina.encode("utf-8"), na ukiweka c_char_p kwenye argtypes basi ukisahau inakugomea hapo hapo badala ya kukupa M.

Pointa, yani anwani za vitu kwenye memori, ndo zinaua kabisa. Tuseme fanksheni yako ya C inatengeneza sehemu kwenye memori kwa malloc na kukurudishia anwani yake. Anwani kwenye mashine ya biti 64 ni ndefu, biti 64. Usipoandika restype, ctypes inachukulia ni int, inasoma biti 32 za chini, zile za juu inazitupa. Umebaki na nusu ya anwani. Unairudisha kwa C kwenye fanksheni nyingine, C inaenda mahali ambapo sio kwake, na mfumo unaua programu nzima: Segmentation fault. Hamna maelezo ya Python, hamna namba ya mstari, try na except hazisaidii kitu sababu aliyeuawa ni Python yenyewe na kila alichokuwa amekishika. Mizani mitano ilikuwa inarekodi, yote ikazima kwa pamoja. Weka c_void_p kwenye restype, na kule inakopokelewa weka c_void_p pia kwenye argtypes. Na ukiwa unawinda kosa la namna hii endesha kwa python3 -X faulthandler alafu jina la skripti, angalau itakuonesha ilikuwa mstari gani wa Python ilipokata roho.

Na aliyetengeneza memori ndo aifute. Kama C imeita malloc, andika fanksheni nyingine ya C inayoita free, na Python iiite ikimaliza. Python ina mzoa taka wake lakini yule anazoa vya Python tu, vya C havioni, vitajaa mpaka mashine ianze kupumua kwa shida. Kuna mtego hapa kidogo: ukiweka restype kuwa c_char_p, Python inakupa nakala ya maneno na ile anwani ya asili inapotea, huna tena cha kufuta. Kinyume chake pia ni hatari, ukiipa C anwani ya kitu cha Python na C ikaitunza kwa matumizi ya baadae, alafu upande wa Python hakuna tena aliyekishika kile kitu, mzoa taka anakibeba, C inabaki imeshika anwani ya nyumba iliyobomolewa.

Tuje kwenye kasi, si ndo tulichofuata. Dogo baada ya kuelewa hayo alifurahi, akaandika lupu ya Python inayoita fanksheni ya C mara moja kwa kila namba ya mzani. Milioni 64 mara. Ikawa slo kuliko mwanzo! Akanipigia, "Kaka hii C yako ni ya uongo." Nikamwambia we ushawahi kuvuka na kivuko cha Kamanga umebeba ndoo moja ya dagaa, ukaishusha ng'ambo, ukarudi kuchukua ya pili? Kila wito wa ctypes ni safari ya kivuko. Python inafungua namba yake, inaigeuza ya C, inaipanga kwenye rejista, inaita, inapokea jibu, inalivisha tena mwili wa Python. Hiyo gharama ni kubwa kuliko kuzidisha namba mbili, mbali sana. Unatakiwa upakie lori zima mara moja, yani lupu yenyewe ihamie ndani ya C:

int ndoo_zilizotulia(const double *kilo, int n, double tofauti);

Unaipa anwani ya namba ya kwanza, unaiambia ziko ngapi, inazunguka yenyewe kule kule. Safari moja. Hapo ndo ugali ukaanza kupoa mezani sababu kazi inaisha kabla hujanawa.

Ila namna ya kuzipeleka hizo namba nayo ina mambo yake. Ukiwa na listi ya Python unaweza kuandika (ctypes.c_double * len(kilo))(*kilo), inafanya kazi, lakini inakopi kila namba moja moja, kwa milioni 64 utaisikia. Bora tangu mwanzo uzihifadhi kwenye array ya aina 'd', au kwenye NumPy, ile laibrari ya Python ya arei za namba, sababu humo zinakaa zimepangana baiti 8 baiti 8 kama C inavyotaka, unapeleka anwani bila kukopi. Kwa NumPy tumia ndpointer iliyoko kwenye numpy.ctypeslib, uiambie dtype ni float64 na ziwe zimeshikana, C_CONTIGUOUS. Nasisitiza hiyo sababu niliwahi kukuta kodi ya mtu ana namba za float32, baiti 4 kila moja, C inazisoma baiti 8 8, mbili mbili kwa pamoja, majibu yanatoka kama namba za bahati nasibu na hakuna kilichokufa kikamshtua. Au mtu kachukua moja ruka moja, data[::2], akadhani ni arei mpya, kumbe NumPy inaangalia arei ile ile kwa kuruka, na C haijui kuruka usipoiambia. ndpointer inakataa yote hayo mlangoni.

Struct, yani vipengele kadhaa vilivyofungwa pamoja, nitapita haraka. Ukiwa na struct yenye int moja na double moja usidhani ni baiti 12, kompaila inaacha pengo baada ya int ili double ikae sawa, jumla 16. Darasa la ctypes.Structure linafuata mpangilio huo huo, alimradi uandike vipengele kwa mfuatano ule ule ulioko kwenye C. Ukivipindua, maumivu. Na kama kodi yako ni ya C++ weka extern "C" kwenye fanksheni unazotaka kuziita, la sivyo kompaila inayafinyanga majina na Python haitaliona jina unalolijua.

Faida moja ambayo watu hawaisemi: Python ya kawaida ina kufuli moja, GIL, linaloruhusu uzi (thread) mmoja tu kutekeleza kodi ya Python kwa wakati mmoja. Ukiita kupitia CDLL, kufuli linaachiwa kwa muda ambao C inafanya kazi. Kwahiyo nyuzi tano, kila mmoja na mzani wake, zinaweza kukimbia kweli kwa pamoja kwenye kori tofauti.

Sio lazima ctypes kila mahali. Kuna cffi, kuna Cython, kuna pybind11 kwa watu wa C++, na mradi ukiwa mkubwa zina raha zake. Kwa fanksheni nne tano kama zetu naona ctypes inatosha, na uzuri wake haufichi kitu, ukikosea unakosea kwenye mistari ile miwili unayoiona.

Haya, ile hasi. Kodi yangu ya usiku ilikuwa hivi:

int jumla_hela(const int *malipo, int n)

Malipo yanaingia kama int, kila moja ni laki kadhaa au milioni kadhaa, hamna shida. Jumla inatoka kama int. Na int ya C, kwenye mashine zetu hizi, ni biti 32, mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwa dola unaweza kuishi miaka usiguse hiyo dari. Kwa shilingi, ghala moja la dagaa linaigusa. Namba nzima za Python zenyewe hazina dari, zinakua tu, kwahiyo mtu wa Python haimjii hata akilini. Mauzo halisi yalikuwa 3,018,450,000. Yakapita dari, yakazunguka, toa 4,294,967,296 unabaki na -1,276,517,296, ile ile aliyoiona mama.

Nikacheka nikasema hii ndogo. Nikabadilisha jumla ndani ya C iwe int64_t, na ya kurudisha iwe int64_t, nikaongeza stdint.h pale juu. Nikaikwepa long kwa makusudi, sababu long kwenye Linux ya biti 64 ni baiti 8 na kwenye Windows ni baiti 4, na ofisini kwao kuna kompyuta nyingine ya Windows. Nikakompaili. Nikaita tena pale pale kwenye Python iliyokuwa wazi.

-1,276,517,296.

Mama kavuta kiti kakaa.

Ilikuwa Python ile ile niliyoifungua asubuhi. Laibrari ikishabebwa inabaki kwenye memori mpaka programu ife, hata ukiita CDLL tena kwa njia ile ile unapewa ile ya zamani, haendi kusoma faili jipya. Nikafunga, nikafungua upya, nikaita.

-1,276,517,296.

Hapo jasho likaanza kunitoka, na upepo wa ziwani ulikuwepo. Mpwa wake ndo aliyeona. "Kaka, restype umeiweka?" Sikuiweka. Ilikuwa inarudisha int zamani, na int ndo ctypes inachochukulia ukikaa kimya, kwahiyo miezi yote ilikuwa inafanya kazi kwa bahati. Sasa C inarudisha biti 64 sahihi kabisa, Python inasoma 32 za chini tu, na 32 za chini za ile namba ukizisoma kama int ni ile ile hasi, tarakimu kwa tarakimu. Nikaandika:

lib.jumla_hela.restype = ctypes.c_int64

na argtypes zake pia, POINTER ya c_int na c_int. Tukafunga, tukafungua.

3018450000.

Mama akaisoma taratibu kwa kidole, akihesabu tarakimu tatu tatu kutoka kulia, alafu akamgeukia mpwa wake akamuuliza, "Sasa hizo hela ziko wapi?" Hilo halikuwa swali la ctypes, nikaaga.